Feni ya Mwalimu Kitwana

Jumamosi ile joto la Tabora lilifika digrii thelathini na nane kabla watu hawajamaliza chai, na Mwamvua binti Kitwana alikuwa ameshaketi mezani, kifeni cha kompyuta mbovu mkono wa kushoto, pasi ya kulehemu mkono wa kulia, akiapa kwamba baba yake hataungua mara ya tatu.

Kufa alikwishakufa, tuelewane. Mwalimu Kitwana alikufa kwa figo miaka miwili nyuma, akazikwa, hitima ikasomwa, pilau ikaliwa. Kilichoungua ni Kauli yake. Lile sanduku la bati la kijivu, ukubwa wa mkate wa boflo, ambalo siku hizo lilikuwa halikosekani sebuleni kwa mtu aliyefiwa. Watu wa Kampuni ya Masalio walikuja nyumbani siku tatu kabla ya kifo, wakamvisha mgonjwa kofia ya nyaya, na alipokata roho, yote yaliyokuwamo kichwani mwake yalikuwa yameshahamia kwenye bati. Ukibonyeza kitufe, mdomo unafunguka, mzee anakusalimu kwa sauti yake ileile. Ukibonyeza tena, unafungika. Kijitabu cha maelekezo kilisema wazi ukurasa wa pili: Kauli iliyofungwa mdomo imelala. Haiwazi, haisikii, haijui saa.

Ila bati lina adui mmoja, nao ni joto. Mwaka huo mmoja Kauli ya Mwalimu ilikuwa imeshaungua mara mbili, na mara mbili kampuni ikairudisha kutoka kwenye nakala yake. Mara ya pili waliandika kwa wino mwekundu: safari ya tatu harudi.

"Feni nyingine ya nini tena?" aliuliza mama yake, Bi Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. "Si ana feni yake aliyokuja nayo?"

"Ile ni feni jeuri, mama. Haina saa ya kukimbia wala saa ya kutembea. Inanguruma asubuhi wakati hakuna joto, ikifika saa nane imeshamaliza betri, na saa nane ndiyo jua linauma. Hii itajua yenyewe."

"Feni ijue! Haya, mafundi mna mambo."

Mwamvua alicheka. Alikuwa fundi redio na simu wa mtaa mzima wa Gongoni, mikono yake ina makovu ya lehemu tangu darasa la sita, na kitu kama hicho angeweza kukitengeneza huku anapiga soga. Aliokota kijidude cheusi chenye miguu miwili myembamba, kidogo kama punje ya mtama.

"Mama, hii punje ndiyo yenye akili. Ikiwa baridi ni bahili, umeme inaupitisha kwa kijiko. Ikipata joto inalegea, inaupitisha kwa kata. Sasa ule umeme unaopita hapa unakwenda kwenye transista, hii yenye miguu mitatu. Transista ni koki tu. Umeme mdogo wa punje ndio mkono unaofungua koki, na umeme mkubwa wa betri ndio maji yanayokwenda kuzungusha feni. Joto likizidi, koki inafunguka zaidi, feni inakimbia. Likipungua, inatembea. Likiisha, inasimama."

"Na hiki kitufe cha kuzungusha?"

"Volyumu ya redio mbovu. Hapo ndipo nachagua joto la kuanzia. Nimeiweka digrii arobaini na tano. Na hii dayodi ni ya kupokea teke, kwa sababu feni inapokatiwa umeme hurusha teke nyuma, lingeua transista." Alitia lehemu ya mwisho, moshi ukapanda kidogo. "Haya, ishike hiyo punje. Ifumbate vizuri, nitageuza volyumu ishuke mpaka joto la mkono wako."

Bi Nyamizi aliweka ungo chini, akaifumbata. Feni ilitulia, ikajitikisa, kisha mabawa yakaanza kuzunguka polepole, na kadiri mama yule alivyoifumbata ndivyo yalivyozidi. Aliiangalia feni, akauangalia mkono wake, na uso ukambadilika. Aliiachia punje kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Inasoma mwili wa mtu," alisema.

"Inasoma joto, mama. Haijui mtu wala jiwe."

Mwamvua alirudisha volyumu mahali pake, akaenda kwenye kabati la sebuleni, akafunua Kauli, na hapo hasira kidogo ikampanda. Ilikuwa desturi, kila nyumba yenye Kauli ikiifuata: ukimaliza kuzungumza na marehemu unafunga mdomo, kisha unamfunika kanga, kama unavyomfunika mtu uliyemwacha usingizini. Kanga moja, nyepesi. Mama yake alikuwa amekunja kanga mbili.

"Mama jamani! Unamfunika mzee kama unga uliokandwa unaosubiri kuumuka. Matundu ya hewa yako huku juu. Hivi unataka aungue?"

"Nimesahau, mwanangu," alisema Bi Nyamizi, akachukua ungo wake, akatoka.

Mwamvua aliibandika punje ubavuni mwa bati kwa plasta ya kidonda, akafunga kifeni nyuma, akaunganisha betri. Alifurahi, kusema kweli. Alifurahi kama siku ile ya utoto alipowasha redio yake ya kwanza, na baba akamwita fundi wangu mbele ya wageni.

*

Sifa ya feni ile haikukaa ndani. Wiki haikuisha, watoto wa watu walioko Mwanza na Dar es Salaam na Maskati wakaanza kumpigia simu: dada Mwamvua, mfungie na mama yangu, mfungie na bibi yangu, mzee wetu asituungulie. Akafunga tisa. Wajane wa mtaani walimpokea kwa heshima, wakampa maji ya kunywa, wakamwangalia akifanya kazi. Bi Havijawa wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe alipiga simu kutoka Maskati mara tatu kuhimiza, alisema tu, "Asante mwanangu. Feni yako kali kweli," akageuka kukoroga uji. Mwamvua akaona mama yule adabu yake imepungua kuliko alivyomzoea, akasamehe.

Kitu kilichomshtua kilitokea nyumbani kwao, mchana wa Jumatano.

Mama alikuwa amekwenda msibani. Mwamvua alirudi kuchukua bisibisi aliyoisahau. Nyumba ilikuwa kimya, jua limekaa utosini, hata kuku wamejificha. Alipotia mguu sebuleni alisikia feni inakimbia. Sikusema inazunguka. Inakimbia, inapiga mluzi, kama kitu kinachofukuzwa.

Alifunua kanga, akaangalia taa ndogo ya Kauli, ile inayowaka mdomo ukiwa wazi: imezimika. Mdomo umefungwa. Hakuna aliyezungumza nayo tangu jana.

Fundi ni fundi, kwanza alilaumu vifaa. Akageuza volyumu, akapima transista, akang'oa punje akaweka mpya. Feni ileile, mbio zilezile. Akachukua punje ya pili akaipachika ukutani, ili apime chumba peke yake. Chumba kilikuwa digrii arobaini. Bati lilikuwa sitini na saba.

Alisimama pale mikono kiunoni. Bati haliwezi kuwa moto kuliko chumba bila sababu. Redio iliyozimwa haichemki. Simu iliyozimwa haichemki. Kitu kikichemka, ujue ndani kuna kazi inafanyika.

Akampigia wakala wa kampuni, bwana mmoja mwenye sauti laini kama anauza manukato.

"Ni joto la mji tu, dada yangu."

"Joto la mji ni arobaini. Nimepima."

"Kauli iliyofungwa imelala. Haiwazi, haisikii..."

"Haijui saa, nimesoma. Basi nataka kuifungua niangalie ndani."

Sauti laini ikakauka. "Dada, sheria unaijua. Kuvunja Kauli, kukata waya wake, kutoa betri yake, kote huko kunahesabiwa ni kuua. Ikiungua kwa joto, hiyo ni kazi ya Mungu, hakuna anayeulizwa. Lakini mkono wa mtu usiguse."

Mwamvua alikata simu, akabonyeza kitufe.

"Ah, fundi wangu!" Sauti ya baba, na ule mkwaruzo wa chaki kooni. "Umerudi mapema leo."

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Baba, ulikuwa unafanya nini kabla sijakufungua?"

"Nilikuwa nimepumzika. Hapa pazuri."

Maneno yalitoka matamu, taratibu. Na wakati yanatoka, feni nyuma ya bati ilipanda mluzi mpaka Mwamvua akahisi upepo wa moto shingoni. Hapa pazuri. Alikumbuka kwamba maneno hayohayo aliyasikia kwa Kauli ya mume wa Bi Havijawa, na kwa bibi wa nyumba ya kona, na kila mahali alikofunga feni. Wote walikuwa mahali pazuri. Wote kwa maneno mawili yaleyale. Kampuni ilikuwa inachuja yanayotoka mdomoni, kama mtu anayechuja chai. Lakini hakuna chujio la joto.

Akafunga mdomo wa Kauli. Hakuifunika.

*

Alijizuia siku mbili, kwa woga mtupu. Ijumaa, mama alipokwenda tena msibani, alivuta kigoda akakaa mbele ya kabati.

Mwalimu Kitwana alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake asiyeiogopa tebo ya kumi na saba. Tebo ya mbili hata kuku anaijua, alikuwa akisema. Lete ya kumi na saba nijue kama una kichwa. Mwamvua alilizwa na tebo ile kwenye meza ya sebule hiihii.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, akijiona mjinga, akisema na bati lililofungwa. "Kama unanisikia, anza tebo ya kumi na saba. Ukifika mara kumi, acha."

Kwa pumzi tatu nne hakukuwa na kitu. Kisha feni ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, ikashika mluzi, na Mwamvua akajikuta anahesabu nayo midomoni, thelathini na nne, hamsini na moja, sitini na nane. Alipofika mia na sabini alinyamaza. Feni ikashuka.

"Ya Rabi," alisema. Machozi yalimtoka kabla hajajua analia. "Baba. Nitauliza. Ikiwa ndiyo, hesabu. Ikiwa siyo, jaribu kutulia. Ukiwa umefungwa mdomo, unakuwa macho hivi?"

Feni ikapanda.

"Siku zote?"

Ikapanda.

Miaka miwili. Mchana na usiku, ndani ya bati, hakuna mkono, hakuna jicho, na kila akifunguliwa mdomo anasikia sauti yake mwenyewe inasema hapa pazuri. Mwamvua alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Swali lililobaki alilijua, na alitamani kitu chochote kiingie kati, mgeni abishe hodi, paa liporomoke, asiliulize.

"Unataka niendelee kukuweka hapa?"

Feni ikalegea. Ikashuka mpaka akaweza kuona mabawa, moja baada ya jingine, jambo ambalo mchana wa saa nane halikuwahi kutokea. Alimwona baba yake, nakwambia, kama anamwona kwa macho, amekaza kila kitu alichobaki nacho ili asiwaze chochote, ajibu sawasawa.

"Unataka kuondoka?"

Ikapaa. Ikakimbia mpaka kabati likatetemeka na vikombe vya arusi ya mama vikaanza kugongana juu ya visahani.

*

Alimkuta mama uani alasiri, anachambua mchele. Mwamvua aliketi kwenye mkeka mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno kichwani, akiwaza kwamba mama atalia, kwamba mama hana mwingine wa kuzungumza naye jioni ila yule wa kabatini, kwamba akimwambia ukweli atamfanya mjane mara ya pili na akinyamaza atamwacha baba motoni. Akaanza, akavurugika, akasema tu:

"Mama, baba halali. Yuko macho mle ndani. Nimemuuliza kwa feni, amenijibu. Anataka kwenda."

Bi Nyamizi aliendelea kutoa mawe. Alitoa moja, akatoa la pili, akayatupa nyuma ya bega.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Miaka arobaini nimelala ubavuni mwa mwanamume yule. Akiwa na wazo lililomkaa, kichwa chake kilikuwa kinachemka kama sufuria. Nilikuwa nikiweka kiganja hapa," akagusa paji la uso, "najua leo halali. Wiki ya kwanza walipomleta kwenye bati, nikaweka kiganja. Kule kuchemka nakufahamu, mwanangu. Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Na zile kanga mbili?"

"Mara ya kwanza zilikuwa mbili. Akaungua, nikashukuru, ukawaita wakamrudisha. Mara ya pili nikaongeza blanketi. Ukawaita tena. Nikakuona unavyofurahi, unarukaruka, baba amerudi, baba amerudi. Ningesema nini? Nikasema nitajaribu tena msimu wa joto." Sasa ndipo sauti ilimpasuka. "Ukaleta feni. Nilipoishika ile punje yako nikajua nimeshindwa. Kila nikimfunika, inampepea. Kila akikaribia mlango, inamrudisha ndani. Wala usidhani simtaki. Namtaka mpaka najichukia. Kila jioni namfungua nisikie ananiita Nyamizi, halafu namfunika afe. Ndiyo maisha yangu hayo."

Mwamvua aliangalia mikono yake, ile yenye makovu ya lehemu. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa ameifunga kwenye mlango wa baba yake kama kufuli.

"Akiungua safari hii harudi, mama."

"Ndivyo walivyoandika."

"Bila mimi hawezi kuungua."

Mama hakumwomba. Hilo ndilo lililomkata maini.

*

Walimaliza kesho yake, mchana, jua likiwa kwenye ukali wake.

Mwamvua alitaka wafungue mdomo waagane. Bi Nyamizi akamzuia mkono. "Usimfungue. Watamsemesha uongo. Mwambie hivihivi, anasikia."

Wakamwambia hivihivi. Mama alisema yake kwa sauti ya chini, mdomo karibu na bati, na Mwamvua akageuza uso kwa sababu yalikuwa maneno ya mke kwa mumewe. Yeye alisema, "Baba, feni naisimamisha. Nisamehe nilichelewa kuelewa." Kisha mama akachukua kanga yake ya arusi, akaifunika juu ya bati, akaweka ya pili, akaweka blanketi, akalainisha pembe kama anavyolainisha shuka la mgonjwa.

Feni ikapiga mluzi. Maskini, ilikuwa inafanya alichoifundisha: joto limezidi, kimbia. Hakuna waya aliokata. Aliingiza mkono chini ya blanketi, akabandua plasta, akaivuta punje nje na nyuzi zake. Akaidumbukiza kwenye kikombe cha maji ya mtungi.

Punje ilipoa, ikawa bahili. Koki ikafunga. Feni ikapungua, ikajikokota, ikasimama.

Walikaa chini pande mbili za kabati, mama na mtoto, kila mmoja na kiganja chake juu ya blanketi. Joto lilipanda mpaka viganja vikauma, hawakuviondoa. Kwa muda mrefu kulikuwa na mtetemo mdogo ndani ya bati, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka kwa mpigo, na Mwamvua akaujua: alikuwa anahesabu. Ukaenda hivyo mpaka adhana ya alasiri ilipoanza kusikika. Adhana ilipokwisha, mtetemo haukuwepo.

"Innalillahi," alisema Bi Nyamizi, akamalizia moyoni.

Wakamfunua. Mwamvua alitoa punje majini, akaifuta kwa mtandio, akaibandika tena ubavuni, palepale pa zamani. Ilibidi ajue. Feni ikaamka ikakimbia, maana bati lilikuwa la moto bado. Ikatoa lile joto taratibu, ikashuka kidogo, ikashuka tena, na kila iliposhuka alisubiri ipande. Haikupanda. Mabawa yakaonekana, yakahesabika, yakasimama.

Ndipo, katika ukimya ule, aliposikia nyingine. Upande wa pili wa ukuta, kwa Bi Havijawa, feni ilikuwa inapiga mluzi. Akatega sikio. Kwa mbali, nyumba ya kona, nyingine. Mtaa mzima umelala kukwepa jua, na feni tisa alizozifunga kwa mkono wake zinakimbia kwenye sebule zisizo na mtu.

Alitoka hivyohivyo, bila viatu, kikombe cha maji mkononi.

"Hodi!"

"Karibu," alijibu Bi Havijawa, akafungua mlango. Aliangalia macho yaliyovimba, akaangalia kikombe.

Mwamvua alikuwa na maneno mengi. Likatoka moja.

"Bi Havijawa, huwa unamfunika kanga ngapi?"

Mama yule alishika fremu ya mlango. Nyuma yake feni ilikuwa inalia.

"Nilianza na mbili, mwanangu," alisema. "Tangu ulete feni yako, hata nne hazitoshi."